Lenoir, Otto na Langen, au Otto wa 1876: injini ipi ya kale uiunde karakanani?

Kila mwaka wanafunzi wapya wakishazoea lethi, mashine ya kukereza chuma, huniletea swali lile lile, na safari hii limekuja pia kutoka kwa mafundi wawili watu wazima wenye karakana yao: "Mwalimu, tukitaka kuunda injini ya zamani kwa mikono yetu, tuanze na ipi?" Hawatafuti injini ya kusagia mahindi wala ya kusukuma boti. Wanataka injini itakayozunguka juu ya meza, ambayo kila kipande chake wamekikereza wao, na ambayo mtu akiitazama ataelewa jinsi moto uliofungiwa ndani ya silinda ulivyoanza kufanyishwa kazi.

Karibu wote huja wakiwa wameshaamua: mapigo manne (kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa moshi), kama ya pikipiki. Siwalaumu, ndiyo wanayoijua. Lakini nimeona injini za mapigo manne zilizopendeza kwa macho zikikaa miezi bila kutoa hata mlipuko mmoja, na waliozitengeneza wakiamini kosa liko kwenye plagi. Mara nyingi plagi haina kosa lolote. Kwa hiyo nitaziweka injini tatu za mwanzo ubavu kwa ubavu: ya Étienne Lenoir ya mwaka 1860, ya Nicolaus Otto na Eugen Langen iliyoonyeshwa Paris mwaka 1867, na ya Otto ya mwaka 1876, ambayo ndiyo mama wa injini nyingi tunazozisikia barabarani. Zote tatu zilitumia gesi ya makaa ya mawe, ile iliyokuwa ikisambazwa kwa mabomba katika miji ya Ulaya kwa ajili ya taa. Zote tatu zinaweza kuundwa leo kwa lethi ya kawaida, drili ya kusimama, mtungi mdogo wa gesi ya kupikia, na subira nyingi.

Ushauri wangu nautoa mapema ili usome ukijua ninakoelekea: anza na Lenoir iliyorahisishwa, kisha igeuze hiyo hiyo iwe Otto ya mapigo manne. Ile ya Otto na Langen waachie wenye karakana iliyokamilika na dari refu, ingawa naipenda kuliko zote.

Kompresheni ndiyo inayoamua

Kati ya vipimo vyote ambavyo mtu angeweza kutumia kuzilinganisha, mimi naanza na kimoja: je, mchanganyiko wa gesi na hewa unabanwa kabla ya kuwashwa, au haubanwi?

Aliyekulia karibu na mashine ya kusaga yenye injini ya aina ya Lister anaijua kompresheni, yaani huko kubana, kwa mabega yake. Unashika hendeli na kuzungusha huku kile kikono cha vali kikiwa kimeinuliwa. Flaiwili, yale magurudumu mazito ya kutunza mwendo, zikishashika kasi, kikono kinaachiwa, na ghafla unahisi kama mtu mwingine ameshika hendeli upande wa pili anakuvuta kinyume. Ukizidiwa hapo, injini haiwaki. Ukivuka, inakohoa mara moja, mara mbili, halafu inashika mwendo. Yule anayekuvuta kinyume ni hewa iliyobanwa. Inatafuta pa kutokea, na itatokea popote itakapopata upenyo: kwenye ringi, kwenye kiti cha vali, chini ya gasketi, kwenye uzi wa plagi.

Injini ya Lenoir haibani kitu. Ya Otto na Langen nayo haibani. Ya 1876 inabana, ingawa kwa macho ya leo ni kidogo mno: karibu mara 2.5, wakati pikipiki ya kawaida hubana mara 9 hivi. Hata hivyo, hizo mara 2.5 zinatosha kumtenganisha fundi ambaye kazi yake haivuji na fundi ambaye kazi yake inavuja kidogo. Katika Lenoir, kuvuja kidogo kunakupunguzia nguvu. Katika Otto, kuvuja kidogo kunakunyima injini nzima.

Lenoir: rahisi kuwaka, mlafi wa gesi

Lenoir alizaliwa mwaka 1822 Mussy-la-Ville, sehemu ambayo leo iko Ubelgiji, akahamia Paris akiwa kijana. Hataza yake ni ya Januari 1860. Ukiitazama injini yake kwa haraka utadhani ni ya mvuke: silinda imelala, pistoni inasukumwa pande zote mbili, na milango yake ni vali za kuteleza. Pistoni ikianza safari inavuta gesi na hewa. Inapokaribia katikati ya safari mlango unafungwa, cheche ya umeme inapigwa, na mlipuko unaisukuma imalizie nusu iliyobaki. Upande wa pili nao unafanya vivyo hivyo wakati wa kurudi. Cheche ilitoka kwenye koili ya Ruhmkorff, kifaa cha kukuza volti, iliyolishwa na betri, kwa hiyo ukifunga koili na plagi ya pikipiki kwenye Lenoir yako hujavunja heshima ya historia hata kidogo.

Ilinunuliwa kwa mamia. Wenye viwanda vidogo vya uchapaji waliipenda kwa sababu haikuhitaji boila wala kumlipa mtu wa kuchochea moto tangu alfajiri. Mwaka 1863 Lenoir aliifunga kwenye gari la magurudumu, akasafiri kutoka Paris hadi Joinville-le-Pont na kurudi, taratibu sana, lakini alirudi.

Udhaifu wake ni mkubwa. Ilikula karibu meta 3 za ujazo za gesi kwa kila nguvu ya farasi moja kwa saa, na kati ya joto lote lililomo kwenye gesi hiyo ni asilimia 4 au 5 tu iliyogeuka kuwa kazi. Zilizobaki ziliishia kwenye maji ya kupoozea, kwenye chuma na kwenye moshi. Kwa kuwa moto uliwaka pande zote mbili za pistoni, hakukuwa na upande uliopata nafasi ya kupoa. Pakingi, kile kizibo cha fimbo ya pistoni, iliungua, vali za kuteleza zilikauka, na mafuta ya kulainisha yalikwenda kwa wingi wa kutisha.

Kwa anayeunda leo, dawa yake ni nyepesi: usiige pande mbili. Acha silinda wazi upande wa krenki (shafti iliyopinda inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko), kama ilivyo kwenye injini zote tulizozoea, na uchome upande mmoja tu. Pakingi inaondoka, fimbo inaondoka, joto linapungua. Zaidi ya hapo unapata zawadi ambayo wengi hawaifikirii mpaka waanze kuchora: katika mtindo wa Lenoir kila mzunguko una mlipuko, kwa hiyo kamu za vali, vile vinundu vinavyozisukuma zifunguke, zinakaa moja kwa moja juu ya shafti ya krenki. Huhitaji gia za kupunguza mwendo nusu. Vali ya kuingizia inafunguka pistoni ikiwa juu kabisa na kufungwa krenki ikikaribia nyuzi 80. Cheche inapigwa mara tu baada ya hapo. Vali ya moshi inafunguka pistoni ikifika chini na kubaki wazi safari yote ya kurudi. Basi. Mwanafunzi anaweza kuzungusha flaiwili kwa kidole na kufuata kila tukio kwa macho.

Angalizo moja ni la lazima. Cheche katika Lenoir inapigwa sehemu ndogo sana ya sekunde baada ya mlango kufungwa, tena mlango ulikuwa ukipitisha mchanganyiko unaowaka. Vali ikichelewa kufunga, moto unarudi kwenye bomba. Hakikisha gesi inakutana na hewa karibu kabisa na vali, si kwenye bomba refu, na weka wavu mwembamba wa shaba njiani ili kuuzima moto unaorudi. Nimeona wavu huo ukiokoa nyusi za watu.

Usitarajie nguvu. Silinda ya kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa milimita 100 katika mtindo huu itazungusha flaiwili yake na pengine feni ndogo. Lakini itawaka, na kwa mtu wa mara ya kwanza hilo ni jambo kubwa sana.

Otto na Langen: injini inayoendeshwa na hewa tuivutayo

Hapa naomba uniwie radhi nikikaa kidogo, kwa sababu sijapata kuona mashine inayofundisha zaidi ya hii.

Otto hakuwa mhandisi. Alikuwa mfanyabiashara wa kusafiri, akipita miji na bidhaa za dukani, na habari za injini ya Lenoir zilimkamata. Mwaka 1861 alimpa fundi mmoja wa Cologne kazi ya kumtengenezea nakala ndogo, akaanza kuichezea. Katika kuichezea huko aliubana mchanganyiko kabla ya kuuwasha, na flaiwili ikaruka kwa nguvu ambayo hakuitegemea. Akaona ameshapata. Mwaka uliofuata akaundiwa injini ya silinda nne yenye kubana, na mishtuko yake ikaiharibu injini hiyo baada ya muda mfupi tu. Otto akaiacha kompresheni kwa zaidi ya miaka kumi.

Natamani kila mwanafunzi anayeniambia "mimi naanza na mapigo manne" alijue hilo. Mtu ambaye jina lake limo ndani ya kila injini ya petroli alijaribu kuanzia hapo, akashindwa, akarudi nyuma kutafuta njia nyingine.

Njia hiyo nyingine aliikamilisha pamoja na Eugen Langen, mtu wa familia ya viwanda vya sukari, ambaye mwaka 1864 alishirikiana naye kufungua kiwanda mjini Cologne. Injini yao imesimama wima kama nguzo. Silinda ni ndefu na iko wazi juu. Pistoni haijaunganishwa na krenki yoyote. Fimbo yake ni reli yenye meno, na meno hayo yanazungusha gia iliyoko kwenye shafti ya flaiwili. Lakini gia hiyo inaishika shafti kwa upande mmoja tu, kama friwili ya baiskeli: ukiacha kukanyaga pedali, gurudumu linaendelea bila kukuvuta miguu.

Sasa fuata kinachotokea. Shafti inainua pistoni kidogo, karibu sehemu moja ya kumi ya safari yake, na gesi na hewa vinaingia. Moto unawashwa. Mlipuko unarusha pistoni juu, na inaruka huru kabisa, gia ikiteleza bila kushika. Inapopaa, gesi iliyo chini yake inatanuka na kupoa mpaka kanieneo lake linashuka chini ya lile la hewa ya nje. Pistoni inasimama angani kwa kitambo. Halafu hewa ya nje, hii hii tunayoivuta, inaisukuma kurudi chini pamoja na uzito wake wenyewe, na hapo ndipo gia inaposhika na kuzungusha flaiwili. Mlipuko haufanyi kazi ya kuzungusha. Kazi yake ni kutengeneza ombwe, na angahewa ndiyo inayozungusha.

Katika maonyesho ya Paris ya 1867 mashine hii haikuvutia mwanzoni, kwa kuwa ilipiga kelele na umbo lake lilionekana la ajabu mbele ya injini zilizofanana na za mvuke. Franz Reuleaux, aliyekuwa kwenye jopo la waamuzi na aliyemfahamu Langen, alisisitiza matumizi ya gesi yapimwe. Yalipopimwa, ikaonekana inatumia chini ya nusu ya gesi ya washindani wake kwa kazi ile ile. Ikapewa medali ya dhahabu. Kiwanda kilihamia Deutz, upande wa pili wa mto Rhine. Ndugu wa Crossley wa Manchester walichukua haki za kuitengeneza Uingereza. Na kwa jumla ziliuzwa kwa maelfu.

Kwa nini basi haikudumu? Piga hesabu. Silinda ya kipenyo cha sentimita 15 ina eneo la sentimita za mraba 177 hivi. Angahewa inasukuma kwa karibu kilo 1.03 kwa kila sentimita ya mraba. Hata ukipata ombwe kamili, jambo ambalo haliwezekani, huwezi kuvuka kilo 182, haijalishi unachoma gesi kiasi gani. Kuongeza nguvu maana yake ni kuongeza upana na urefu wa silinda tu. Ndiyo maana haikuwahi kupita nguvu ya farasi 3 hivi, na hata kwa hizo 3 ilihitaji chumba cha dari la meta 3 mpaka 4.

Kuiunda ni kazi ngumu kwa njia ambazo mchoro haukuonyeshi. Kuvuja haisumbui sana kama kwenye mapigo manne. Shida iko kwenye ile gia ya kushika upande mmoja: inatakiwa ishike mara moja bila kuteleza, kila pigo, tena pistoni ikiwa inashuka kwa kasi. Friwili ya baiskeli inafaa kwa modeli ndogo, ingawa meno yake yanashika kwa kishindo. Ile klachi ya upande mmoja ya stata ya pikipiki ni laini zaidi. Reli ya meno unaweza kuikata kutoka kwenye raki ya usukani wa gari bovu, ila ipunguze uzito kadiri uwezavyo, kwa sababu kila gramu unayoirusha juu ni gramu unayoilipia gesi. Pia kuna hatari ya wazi: mchanganyiko ukiwa mkali, pistoni inaruka kuliko ulivyokusudia. Weka kizuizi imara chenye mpira juu, na usikubali mtu yeyote ainamie silinda injini ikiwa inafanya kazi.

Ikikamilika, hakuna somo la fizikia litakaloishinda. Nilisimama mara moja na kundi la vijana mbele ya modeli ya namna hii, na yule aliyekuwa hapendi hesabu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kwa nini pistoni inasimama juu kabla ya kushuka.

Otto wa 1876: ndogo, tulivu, isiyosamehe

Kufikia katikati ya miaka ya 1870 soko la injini ya angahewa, ile ya Otto na Langen, lilikuwa limefika ukingoni. Watu walitaka nguvu zaidi ndani ya chumba cha kawaida. Kiwanda cha Deutz wakati huo kilikuwa na Gottlieb Daimler kama mkuu wa ufundi na Wilhelm Maybach upande wa usanifu, lakini wazo la kurudi kwenye kompresheni lilikuwa la Otto mwenyewe. Mwaka 1876 injini yake mpya ilizunguka: kuvuta, kubana, kuwaka na kusukuma, kutoa moshi. Ilitoa nguvu ya farasi 3 kwa mizunguko 180 kwa dakika, silinda moja imelala, flaiwili nzito. Waingereza waliita injini hiyo "Otto wa kimya", kwa kulinganisha na kelele za ile iliyotangulia.

Watu wengi wanadhani ilishinda kwa sababu ya kutumia gesi kidogo. Hapana, si mwanzoni. Ile ya angahewa ilikuwa imefikia asilimia 11 au 12 ya joto, kwa sababu gesi yake ilitanuka sana kabla ya kutolewa. Ya mapigo manne ilipanda kidogo tu juu ya hapo. Ilichoshinda ni ukubwa, uzito, kelele, na uwezo wa kukua. Injini ya angahewa ina dari, nalo ni angahewa yenyewe. Ya kubana haina dari hilo. Kwa kanuni ya nadharia, kubana mara 2.5 kunaruhusu asilimia 31 ya joto igeuke kazi. Kubana mara 4 kunaruhusu 43. Kubana mara 9 kunaruhusu 58. Injini halisi hupata sehemu tu ya hizo, lakini mwelekeo ni huo huo, na ndio uliotufikisha tulipo.

Mfaransa Alphonse Beau de Rochas alikuwa ameshayaandika mapigo hayo manne kwenye hataza ya mwaka 1862, bila kuunda injini. Kwa sababu hiyo haki za Otto zilivunjwa na mahakama ya Ujerumani mwaka 1886, na kila mtu akawa huru kutengeneza. Mimi bado nasema injini ni ya aliyeifanya izunguke.

Sasa mzigo wa kuiunda. Kwanza, kamu lazima ziende nusu ya mwendo wa krenki. Otto alitumia shafti ya pembeni yenye gia, nawe unaweza kutumia sproketi mbili, moja ikiwa na meno mara mbili ya nyingine. Pili, unahitaji flaiwili nzito, kwa kuwa pigo moja tu kati ya manne linasukuma na mengine matatu yanakula. Tatu, uwashaji. Otto aliacha umeme, uliokuwa haumridhishi, akatumia vali ya kuteleza iliyobeba kipande cha moto kutoka kwenye taa ya nje na kukiingiza ndani ya silinda. Ni werevu mkubwa, lakini usiuige mara ya kwanza. Vali hiyo inatakiwa isuguliwe mpaka iwe bapa kabisa na ibaki bapa ikiwa moto. Weka plagi.

Nne, na ndiyo inayoua miradi: kuziba. Kwa silinda yetu ya milimita 56.5, kubana mara 2.5 kunaleta msukumo wa karibu kilo 60 juu ya pistoni kabla hata ya kuwaka. Ringi za kukata mwenyewe bila uzoefu haziwezi kuuzuia. Nimechagua kipenyo cha 56.5 kwa makusudi: ndicho kipenyo cha pikipiki za 125 zenye muundo wa CG, ambazo bodaboda wengi wanazo, kwa hiyo ringi zinapatikana kila duka la spea. Wapo watakaosema ringi za dukani si uungwana. Sikubaliani nao. Kereza silinda, pistoni, krenki na vali mwenyewe, halafu nunua ringi bila aibu.

Kabla hujagusa koili, fanya jaribio hili. Zungusha flaiwili polepole kwa mkono kuelekea kwenye kubana, isimamishe kabla ya kilele, uiachie. Ikirudi nyuma yenyewe kama kitu kilichosukumwa na springi, una injini. Ikisimama pale pale, tia mafuta kijiko kimoja kwenye silinda ujaribu tena. Ikirudi sasa, ringi ndizo zinazovuja. Isiporudi, tazama vali. Usinunue plagi nyingine.

Kuhusu gesi

Michoro ya zamani ilipimwa kwa gesi ya makaa ya mawe, iliyojaa hidrojeni na iliyohitaji hewa kidogo, karibu sehemu 5 kwa 1. Gesi yetu ya mtungi ni propani na butani. Propani inahitaji hewa sehemu 24 hivi kwa sehemu 1, na butani 31. Ukitoboa tundu la gesi kama lilivyo kwenye mchoro wa karne ya kumi na tisa, utaizamisha injini kwa gesi na haitawaka kamwe. Anza na tundu dogo la milimita 1 lenye vali ya sindano, ufungue kidogo kidogo. Tumia regyuleta ya jiko, weka mtungi mbali na injini, na fanya kazi mahali penye hewa ya kupita: moshi wa injini ndogo iliyokosa hewa ya kutosha una kaboni monoksaidi, nayo haina harufu.

Kuna wanaouliza kuhusu injini ya kichwa cha moto ya Herbert Akroyd Stuart, iliyotoka kwenye karakana za Hornsby huko Grantham miaka ya 1890 na kuchoma mafuta mazito bila plagi. Ni injini nzuri, lakini lazima upashe kichwa chake kwa moto wa nje dakika kadhaa kila unapoiwasha, na unahitaji pampu ya mafuta ya kipimo kidogo sana. Iache kwa sasa.

Nani achague ipi

Kama wewe ni mwalimu mwenye kundi la wanafunzi na muhula mmoja, chagua Lenoir ya upande mmoja na usiangalie nyuma. Itawaka ndani ya muhula, na watoto wataondoka wamesikia mlipuko wao wenyewe. Kama ni fundi ambaye tayari unafungua na kurudisha hedi (vifuniko vya silinda) za magari, na unajua kusugua vali mpaka ishike petroli bila kudondosha tone, basi nenda moja kwa moja kwa Otto wa 1876. Mikono yako imeshalipa ada. Kama una karakana, wenzako wawili, mwaka mzima na watu wa kuwaonyesha, jumba la makumbusho, chuo au shule kubwa, unda ya Otto na Langen. Mtu mmoja peke yake ataichoka kabla haijamaliza kumsumbua.

Kwa wale mafundi wawili walioniuliza, na kwa yeyote aliye katikati kama wao, mpango wangu ni kitanda kimoja, silinda moja, krenki moja, hedi tatu. Mwendo wa pistoni milimita 100. Hedi ya kwanza ni ya Lenoir, bapa, ikiacha nafasi ndogo kadiri vali zinavyoruhusu, na kamu zikiwa kwenye krenki. Iendesheni hiyo mpaka mjue sauti yake. Hedi ya pili ina chumba chenye kipenyo sawa na silinda na urefu wa milimita 67: hiyo inatoa kubana mara 2.5, sawa na Otto. Hapo mnahamishia kamu kwenye shafti ya nusu mwendo na kusogeza cheche karibu na kilele. Hedi ya tatu ina chumba cha milimita 33, kubana mara 4.

Mtungi uwekeni juu ya mizani ya jikoni. Fungeni feni ile ile, andikeni uzito kabla na baada ya nusu saa, kwanza kwa hedi ya 67, halafu kwa hedi ya 33, na feni ikizunguka kwa mwendo ule ule mara zote mbili.